Sifa Bia na Tropo: Tatizo la Kuhesabu Weupe

Mashuka mawili yakiwa meupe, je, weupe ni mmoja, au kila shuka lina wake? David Armstrong, katika kitabu chake cha 1978, alitetea sifa bia: sifa ni ile ile moja, nayo imo nzima katika kila kitu chenye sifa hiyo. Kabla yake, mwaka 1953, Donald Williams alishikilia kwamba kila kitu kina sifa yake, nazo hufanana tu. Sifa hizo za kipekee aliziita tropo.

Kiswahili huonekana kumwelekea Armstrong, kwa kuwa nomino kama weupe na urefu kwa kawaida hazina wingi. Hata hivyo, kimilikishi humtosheleza Williams: weupe wa shuka hili, weupe wa lile. Sarufi, basi, haiamui.

Ugumu umo katika istilahi. Wanaisimu wamezoea sarufi bia, ambapo bia hudokeza kilichomo katika lugha zote. Sifa bia haihitaji kuenea hivyo; kwa Armstrong, kitu kimoja chatosha. Kamusi isiyoeleza tofauti hiyo itampotosha mwanafunzi, hasa kwa vile neno sifa, peke yake, humaanisha pia kusifiwa.