Mtu Aliyeliliwa Angali Hai

Mwaka 1998, wakati wa mashindano ya Kombe la Mataifa ya Afrika huko Burkina Faso, watu walisimama kimya dakika moja uwanjani. Walikuwa wameambiwa ya kwamba Pierre Ndaye Mulamba amekufa katika ajali ya machimbo nchini Angola. Habari hiyo haikuwa ya kweli. Ndaye alikuwa hai mjini Cape Town, Afrika ya Kusini, fukara, katika nchi ya watu wasiokuwa ndugu zake wala kabila lake.

Sisi wa Kolwezi na nchi ya shaba yatupasa kumkumbuka. Alizaliwa mwaka 1948 huko Luluabourg, ndiyo Kananga ya leo, akachezea Vita Club ya Kinshasa. Lakini katika timu ya taifa alicheza pamoja na watu wa Mazembe: Kazadi mlinda mlango, Bwanga na Mwepu. Walimpa jina la Mutumbula. Nani kwetu Katanga hakutishwa kwa jina hilo utotoni, asitoke nje usiku?

Mwezi wa Machi 1974, huko Misri, alifunga mabao 9 katika mashindano mamoja, na mpaka leo hakuna aliyempita. Mchezo wa mwisho ulikuwa na jirani zetu wa Zambia, wachimba shaba kama sisi. Wakatoka sare 2–2, wakarudiana siku mbili baadaye, Zaire ikashinda 2–0. Mabao yote manne ya Zaire yalikuwa yake. Mwaka ule ule, katika Kombe la Dunia huko Ujerumani ya Magharibi, mwamuzi alimfukuza uwanjani kwa kosa la mwenzake. Akatoka akilipa deni lisilo lake.

Taabu kubwa ilikuwa bado mbele. Mwaka 1994 aliitwa Tunisia kupewa heshima. Aliporudi nyumbani, wanyang'anyi walidhani ameleta fedha. Wakampiga risasi mguuni, na mwanawe akauawa. Akakimbilia Afrika ya Kusini.

Huko, jamaa moja ya mtaa wa maskini ilimpokea. Tufikiri kidogo, wasomaji wapenzi, waliona nini mlangoni pao. Mwaka 1974 nchi yao ilikuwa imefungiwa nje ya mashindano ya Afrika kwa sababu ya ubaguzi wa rangi. Mbele yao hakusimama Mutumbula, bali mgeni mwenye mguu uliojeruhiwa, asiye na kazi, ambaye pombe ilikuwa imeanza kumshinda. Sisi humjua mchezaji kwa mabao. Mtunzaji humjua kwa goti linalouma usiku, na kwa huzuni ambayo mtu hataki kuisema. Hata hivyo walimfungulia.

Na moto wa ndani haukuzimika. Alioa mwanamke wa huko, akafundisha mpira timu ndogo za mtaani. Ikatengenezwa pia filamu juu ya maisha yake. Akafariki Johannesburg tarehe 26 Januari 2019.

Twasema haya kwa sababu hapa Kolwezi pia wako wazee waliokuwa mashujaa wa viwanja vyetu. Leo wengine huketi barazani, na binti au mjukuu huwaogesha na kuwalisha. Mzee wa namna hiyo mara nyingine ni mkali. Hukataa fimbo, hukataa dawa, hutaka kutembea peke yake. Mwanangu unayemtunza, usikasirike upesi. Ushupavu unaokuchosha wewe leo ndio uliowashangilisha baba zetu jana. Mwulize juu ya mchezo mmoja tu, uone macho yake.

Yoshua bin Sira alitufundisha kumvumilia baba hata akili zake zikipungua, na Bwana wetu alijihesabu mwenyewe kati ya wageni na wagonjwa. Kusimama kimya dakika moja ni rahisi. Tuwape wazee wetu bakuli la uji na saa moja ya mazungumzo, wangali hai.