Afya ya Kompyuta na Hila ya Uchunguzi wa Bure

Wahenga walinena: rahisi ghali. Katika zama hizi twaweza kuongeza kwamba kipo cha bure kilicho ghali zaidi, nacho ni ule uchunguzi wa usalama wa kompyuta usiotozwa hata shilingi, ambao mwisho wake ni kumtia mtu hofu kisha kumfungulia mkoba.

Tutoe mfano ulio bayana. Nchini Marekani, maduka ya Office Depot yaliwachunguzia wateja kompyuta zao bure kwa programu iitwayo PC Health Check, iliyotoka kampuni ya Support.com. Kabla ya kuanza, mteja aliulizwa mambo manne, kama vile kompyuta kuwa nzito au matangazo kuchomoza yenyewe. Kwa mujibu wa Tume ya Biashara ya nchi hiyo (FTC), jambo moja tu likitiwa alama, programu ilihukumu kuwa pana dalili za virusi, hata kama uchunguzi wenyewe haukugundua kitu. Kisha mteja aliuziwa matengenezo, mengine ya mamia ya dola. Machi 2019 kampuni hizo zilikubali kulipa dola milioni 35: Office Depot milioni 25, na Support.com milioni 10.

Tuzingatie. Tumezoea kumuonya mfanyabiashara asifiche aibu ya bidhaa yake. Hapa aibu ilibuniwa ndani ya mali ya mnunuzi, mali iliyo nzima. Yote mawili ni ghushi, na pato lake si la halali.

Basi mama ambaye wanawe husomea kompyuta ya nyumbani afanye nini? Kwanza, ajue kuwa uzito wa kompyuta si ushahidi wa virusi. Huenda hifadhi imejaa, au programu nyingi zimefunguka kwa pamoja. Pili, Windows 10 na 11 zina kinga yake tayari, Microsoft Defender, isiyohitaji kununuliwa. Tatu, onyo likichomoza katika intaneti, asilibonyeze wala asipige nambari iliyomo, aufunge ukurasa. Nne, fundi akidai kuna virusi, aombe kuonyeshwa jina la faili na mahali ilipo, na atafute rai ya pili kabla ya kulipa.

Tabibu akuulizaye unaumwa wapi, kisha akakuuzia dawa kwa jibu lako pekee, hajakupima. Tuwafunze wanetu tofauti hiyo, nasi tuishike.

Wabillahi tawfiq.