Kuhamishia betri ya gari kwenye buti

Kuhamishia betri ya gari kwenye buti ni kazi ya kuondoa betri ya volti 12 chini ya boneti, kuifunga nyuma ya gari na kuiunganisha na injini kwa waya mrefu. Yapo magari yaliyotengenezwa hivyo kiwandani, kama vile Mini ya mwaka 1959, Mazda MX-5 ya kwanza na Toyota Prius ya kizazi cha pili. Wengine huhamisha betri ili kupata nafasi kwenye injini au kupunguza uzito wa mbele, kwa kuwa betri ya kawaida huwa na kilo 15 hadi 20.

Unene wa waya

Starta ya injini ndogo ya petroli inaweza kuvuta ampea 200 kwa muda mfupi. Waya wa shaba wa mita 5 wenye unene wa milimita za mraba 16 hupoteza zaidi ya volti 1 kwa mkondo huo, na starta huzunguka kwa uvivu hata kama betri ni mpya. Wenye milimita za mraba 50 hupoteza takriban volti 0.34 tu. Fundi asiyepiga hesabu hii huweza kubadilisha betri mara mbili kabla ya kuushuku waya.

Fyuzi

Hatari kubwa ipo hapa. Waya chanya hupita chini ya kapeti au chini ya gari, ukizungukwa na bati lililounganishwa na upande hasi. Ganda lake likikwanguliwa na ukingo wa tundu, shaba hugusa bodi na betri husukuma mamia ya ampea. Waya hupata moto na kuweza kuliteketeza gari. Kuzima gari kwa ufunguo hakusaidii, maana waya huu haupiti kwenye swichi ya ufunguo.

Kwa hiyo fyuzi kubwa huwekwa karibu kabisa na nguzo chanya ya betri. Kazi yake ni kulinda waya, si starta. Ikiwekwa mbele, waya wote ulio kati yake na betri hubaki bila kinga. Kipimo chake huzidi mkondo wa starta lakini hakizidi uwezo wa waya. Kila tundu la bati linalopitisha waya huvalishwa pete ya mpira.

Nguzo hasi hufungwa kwenye bodi, mahali palipokwanguliwa rangi. Injini hukaa juu ya mipira, hivyo waya unaoiunganisha na bodi lazima ubaki. Ukikosekana, mkondo wa starta hutafuta njia nyingine, kwa mfano kebo ya akselereta, na kuiunguza.

Gesi na swichi kuu

Betri ya asidi inapochajiwa hutoa hidrojeni, ambayo huweza kulipuka ikifikia asilimia 4 ya hewa. Ndani ya buti huhitajika sanduku lililofungwa kwa boliti, lenye mpira wa kutolea gesi nje.

Nchini Marekani, kanuni za mbio za NHRA hudai gari lenye betri iliyohamishwa liwe na swichi kuu nyuma, inayokata upande chanya na kuzima injini pia. Kukata betri peke yake hakutoshi, kwa sababu alteneta inayozunguka huweza kuendelea kutoa umeme.