Kanyaga Kwanza Ndio Ulipe: Tulivyomnunulia Mama Tredimili Isiyotumia Stima

Tuanze na aibu yetu. Mwenzetu mmoja hapa ofisini Malindi, ambaye kazi yake ya kila siku ni kuwaeleza wateja jinsi ya kulipa kwa simu bila kuibiwa, alituma shilingi 2,000 kwa muuzaji ambaye hajawahi kumwona, ili ashikiwe mashine ambayo hajawahi kuigusa. Pesa ilienda. Mashine haikuja.

Mashine yenyewe ilikuwa ya mamake. Mama anauza mahamri na mbaazi, jiko lake linawaka kabla ya alfajiri, na akimaliza kukaanga anakaa kitini mpaka biashara iishe. Presha ilipoanza kupanda, daktari alimwambia atembee nusu saa kwa siku, siku tano kwa wiki. Hiyo ni dakika 150, na ndicho kiwango cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa mtu mzima.

Tunajua unachofikiria: Malindi kuna ufuo wa bure, mashine ya nini? Mama aliujaribu ufuo. Asubuhi yuko kwa karai. Mchana jua linachoma mchanga. Jioni anapopata nafasi, maji yakiwa yamejaa ufuo unabaki kipande tu, na akipita barabarani anagawana ukingo wa lami na bodaboda. Tena si kila mama anapenda kutembea harakaharaka huku mtaa mzima unamtazama. Basi akaanza kuweka 150 kila siku kwenye akaunti ya akiba ya simu. Siku 100, shilingi 15,000. Kwa hesabu hiyo, ile 2,000 iliyopotea ni zaidi ya siku 13 za kukaanga mahamri.

Alipoambiwa, hakugomba. Aliuliza neno moja tu: "Uliiona?"

Pesa ilivyotoka

Ilikuwa posti ya mtandaoni. Picha safi, bei ya chini kuliko duka lolote tulilouliza. Muuzaji alisema yuko Mombasa, wateja ni wengi, "tuma kitu kidogo nikushikie." Namba aliyotoa ilikuwa ya mtu binafsi, na kabla ya kuthibitisha malipo, jina lililotokea kwenye simu halikufanana na jina la duka. Mwenzetu aliliona. Akauliza, akajibiwa ni la keshia. Akabonyeza.

Jina lile halikuwekwa pale kama pambo. Ndiyo nafasi yako ya mwisho ya kukataa, na ukishaipita, kazi inakuwa ngumu. Wateja wengi hudhani kurudisha muamala ni kama kubonyeza kitufe. Kwa anayetumia M-Pesa, unapeleka ujumbe wa muamala kwa 456, na hilo ni ombi. Limewekwa hasa kwa ajili ya aliyekosea namba. Pesa ikiwa bado iko kwa aliyepokea, kuna cha kushughulikia. Ikishatolewa kwa ajenti, hakuna kilichobaki cha kuzuia. Na kama wewe mwenyewe ulikubaliana na mtu kisha akakuhadaa, hukukosea namba. Umeibiwa, na hilo ni la kupeleka polisi ukiwa na ujumbe wa muamala na mazungumzo yenu yote. Usiyafute kwa hasira.

Namba ya till ina faida zake. Kwenye Lipa na M-Pesa, mnunuzi anayelipa till hakatwi ada, na jina linalotokea ni la biashara. Lakini till haiwezi kukuambia kama tredimili ipo, wala kama mkanda wake umechanika. Hilo utaliona kwa macho na kwa miguu.

Kwa nini ya miguu, si ya mota

Tredimili ya aina hii haina mota. Mkanda unasukumwa na miguu yako. Ndiyo maana mbele imeinuliwa: uzito wako unasaidia kuusogeza mkanda nyuma, huku wewe umeshika mikono ya fremu. Ukisimama, unasimama. Kale kasaa ka kuhesabu dakika kanatumia betri ndogo. Haili tokeni hata moja, na stima ilipopotea karibu nchi nzima tarehe 25 Agosti 2023, yenye mota ingekuwa kibao cha kuanikia nguo.

Lakini tusiipambe. Kwa kuwa iko kwenye mwinuko, dakika tano zake ni nzito kuliko dakika tano za barabarani. Mwenye presha, shida ya moyo au magoti aulize daktari kwanza, na amwambie wazi kwamba mashine inapanda mlima. Mkanda ni mfupi na mwembamba, kwa hiyo ni ya kutembea. Anayetaka kukimbia atafute nyingine. Halafu kuna kikomo cha uzito, ambacho mara nyingi kimeandikwa kwenye karatasi iliyogandishwa kwenye fremu. Kisome, na usinunue inayolingana na uzito wako kilo kwa kilo. Acha nafasi.

Jumamosi ya Mnarani

Safari ya pili tulienda wenyewe. Familia moja ya Mnarani, ng'ambo ya mlango wa bahari wa Kilifi, ilikuwa inahama na ikatangaza tredimili iliyotumika. Bei 14,500. Tulipanda matatu Malindi, tukapita Gede, tukavuka daraja la Kilifi, na Mama tukaenda naye. Hilo ndilo jambo la maana tulilofanya siku hiyo. Mashine ni yake, basi miguu ya kuijaribu iwe yake.

Tulimwomba mwenye nyumba tuiweke kwenye sakafu iliyo sawa. Mama akapanda, akashika, akaanza. Dakika mbili za kwanza kila kitu kilikuwa sawa, na tungeshuka hapo tungelipa bei kamili. Tukamwomba aendelee, akipumzika akitaka, mpaka zitimie kumi. Dakika ya nne au ya tano hivi mkanda ukaanza kuhamia kushoto, mpaka ukawa unasugua ukingo. Kasoro kama hii haionekani kwenye picha, na mashine ikiwa imesimama huioni kabisa.

Mkanda kuhama si lazima iwe mwisho wa mashine. Nyuma, kila upande wa roli, kuna bolti ya kukaza. Mkanda ukienda kushoto, unakaza ya kushoto kidogo, robo mzunguko, unatembea, unaangalia tena. Mwenye nyumba alikuwa na ufunguo wake, na baada ya robo mbili mkanda ukatulia. Usingetulia, tungeondoka. Tuliilaza pia ubavuni tukaangalia chini. Bolti tatu zilikuwa na kutu, jambo la kawaida kwa chuma kinachokaa karibu na bahari, lakini viungo vya fremu havikuwa vimelika. Tukaikunja na kuikunjua mara tatu kuona kama komeo linashika, kwa sababu likiachia mashine ikiwa imesimama, itamwangukia mtoto.

Kutu na mkanda tukavitia kwenye bei. Tukaafikiana 12,000.

Kulipa nako kulikuwa na mpangilio. Tulisubiri mashine ipakiwe kwenye probox kwanza. Kisha tukaandika namba ya mwenye nyumba, jina likatokea, tukamsomea kwa sauti. Akasema ndilo. Tukatuma, na ada ya kutuma tukajilipia wenyewe ofisini, angalau hilo. Halafu tukamwomba jambo ambalo wateja wetu wengi hulisahau. Ujumbe wa malipo unaonyesha jina, kiasi, tarehe, saa na namba ya muamala. Hauonyeshi ulinunua nini. Kwa hiyo mwenye nyumba alitutumia SMS yake: "Nimeuza tredimili moja iliyotumika kwa shilingi 12,000, nimepokea zote." Ukinunua dukani, risiti ya duka ndiyo inafanya kazi hiyo, na bila hiyo garantii itakuwa maneno ya mdomo.

Dereva wa probox alitaka 1,000 hadi Malindi. Tulimpa 500 pale na 500 mlangoni kwa Mama. Hiyo ikawa 13,000, yaani kila shilingi iliyokuwa imebaki. Ile 2,000 ingekuwepo, Mama angepata pia viatu na mpira wa kutandika chini. Viatu mwenzetu alinunua kwa mshahara wake, na hatukumwonea huruma.

Nyumbani

Mahali pa kwanza ilipowekwa ni varanda, kwa sababu kuna upepo. Wiki moja tu, bolti nyingine mbili zikaanza kubadilika rangi. Upepo wa bahari unakuja na chumvi. Sasa iko sebuleni karibu na dirisha, inapanguswa kwa kitambaa kikavu kila baada ya kutumiwa, bolti zikapakwa grisi. Tulijaribu kutandika mkeka chini yake ukateleza kwenye sakafu ya saruji. Kipande cha mpira mzito kikashika.

Mkanda ukianza kuwa mzito, unahitaji mafuta ya silikoni katikati ya mkanda na ubao, kidogo tu, na kama kitabu cha mashine kinasema ubao wake hautaki mafuta, uache. Mafuta ya injini hapana. Mafuta ya nazi, kwa heshima zote za Pwani, yabaki jikoni. Ndara pia hazifai, zinanasa. Na watoto wasikaribie mtu akiwa juu yake, maana nafasi kati ya mkanda na roli inatosha kidole.

Siku ya kwanza Mama alitembea dakika nne akashuka anahema. Tulikuwa tumemwambia kipimo rahisi: kama huwezi kuongea sentensi nzima, punguza. Yeye akakigeuza kuwa ruhusa ya kuongea. Anawasimulia wajukuu akiwa juu ya mkanda, hadithi ikikatika anapunguza mwendo. Baada ya wiki tatu alikuwa anafika dakika 20 kwa vipande viwili, kimoja baada ya kufunga biashara na kingine jioni. Presha yake bado inapimwa kliniki na dawa bado anakunywa kama alivyoelekezwa, mashine haikuzibadilisha.

Betri ya kasaa iliisha mwezi wa pili. Mwenzetu akaona nyingine mtandaoni, bei nzuri, akamwonyesha Mama picha kwenye simu. Mama akatazama, akarudisha simu, akaenda kuinunua kwa duka la jirani.