Akikukamata kola kwa mikono miwili

Wamama wenzetu, juma lililopita hatukushona wala kuhesabu likelemba. Tulisukuma viti ukutani, tukatandika mikeka, tukajifunza namna ya kujitoa mwanaume anapokukamata kola kwa mikono miwili. Mwenzetu mmoja, muuza ndagala, alikamatwa hivyo jioni akipanda kurudi nyumbani hapa Bukavu, mtoto mgongoni. Alivuta, akavutwa, libaya ikapasuka, feza za mauzo zikaenda. Alipotusimulia, tuliona kwamba sisi wote tungefanya vilevile: kushika mikono ya yule mtu na kuvutana naye.

Hapo ndipo tunaposhindwa, maana mara nyingi mikono yake ina nguvu kuliko yetu. Lakini tuangalie vizuri: aliyeshika kola kwa mikono yote miwili hana mkono wa kukupiga. Amebaki na kichwa, miguu, na uzito wa kukusukuma. Kwa hiyo teremsha kidevu, mkono wa kushoto ulinde uso, rudisha mguu wa kushoto nyuma, kunja magoti kidogo. Kwenye milima yetu mguu huo ndio unaokuzuia kuporomoka.

Sasa inua mkono wa kuume juu kabisa, karibu na sikio. Geuka kushoto kwa mwili mzima, miguu na kiuno pamoja, mpaka kwapa lako lipite juu ya mikono yake yote miwili na kuikandamiza chini. Vidole vinafunguka. Asipoachia, kiwiko chako cha kuume kiko karibu na uso wake; kirudishe kwa nguvu. Kisha piga kelele, kimbilia kwenye watu. Nguvu inatoka kiunoni, na kiuno cha mama anayebeba bidoni za maji kila asubuhi si cha kuchezea. Koko mmoja wa kundi letu alifaulu mara ya tatu, akataka kuendelea wakati sisi tumechoka.

Mwalimu wetu ni mtu wa judo, mchezo ulioanzishwa na Jigoro Kano huko Japani mwaka 1882. Ndani yake watu hushikana nguo tangu mwanzo, ndiyo sababu wanajua mambo ya kola. Tulimwomba atufundishe pia kumwangusha mtu. Akakataa kwanza: ukimwangusha naye hajaachia, mnaanguka wote, na mtoto yuko mgongoni. Kugeuka tu hakumhatarishi mtoto vile, mradi kikwembe kimefungwa vizuri.

Na akiwa na kisu? Toa feza. Juu ya hilo hatukubishana.

Libaya inaweza kupasuka hata ukifanya vizuri, iache ipasuke. Alhamisi tunarudia, polepole, wawili wawili. Wenye mimba watafanya bila kusukumwa. Kila mmoja alete shati la zamani la bwana wake, lenye kola ngumu, na amwombe kwanza.