Mungu Huwalishaje Wenye Njaa?

Mkulima wa Kishushe aijua sana kazi ya kungojea mvua. Nchi yake ni kavu, iko chini ya milima ya Taita karibu na mbuga ya Tsavo Magharibi, na hata mvua ikinyesha, pengine tembo huvuna kabla yake. Tangu mwisho wa mwaka 2020 hata mwisho wa mwaka 2022, mvua zilipungua misimu mitano mfululizo katika sehemu nyingi kavu za Kenya, na Taita Taveta haikusalimika. Katika taabu kama hiyo mtu hujiuliza moyoni: Je, Mungu ametusahau?

Swali hilo si geni katika nchi hii. Mmisionari J. A. Wray alifika Sagalla mwaka 1883, na mwaka uliofuata ikaingia njaa kubwa ambayo Wataita waliiita Mwakisenge. Wengi walihama kutafuta chakula, na wengine walidhani kwamba kuja kwa mgeni yule ndiko kulikozuia mvua.

Lakini tukiyasoma Maandiko kwa uangalifu, twaona kwamba mara nyingi Mungu aliwalisha wenye njaa kwa mikono ya watu, tena alianza na kidogo walichokuwa nacho. Yusufu alipojua kwamba miaka saba ya shibe itafuatwa na miaka saba ya njaa, alishauri sehemu ya tano ya mavuno ya Misri iwekwe ghalani. Mjane wa Sarepta, ambaye hakuwa hata Mwisraeli, alikuwa na konzi moja tu ya unga. Alipomgawia Eliya kwanza, unga wake haukuisha. Torati nayo iliwaagiza wenye mashamba wasivune mpaka pembeni, ili maskini na mgeni wapate masazo. Kwa amri hiyo Ruthu Mmoabi alimlisha mama mkwe wake.

Pengine msomaji atauliza: Mbona mana iliyowekwa hata asubuhi iliota mabuu, na nafaka ya Yusufu ikasifiwa? Tofauti ni hii: Yusufu aliweka akiba ili watu wote wale; wale wa jangwani waliweka kwa kutoamini kwamba kesho watapata tena.

Katika Agano Jipya mambo ni yale yale. Mikate mitano na samaki wawili wa mtoto mmoja viliwashibisha wanaume wapatao 5,000, kisha Yesu akaamuru masazo yakusanywe, yasipotee. Vikajaa vikapu 12. Na Agabo alipotabiri njaa, Wakristo wa Antiokia hawakungoja ije. Kila mtu alitoa kadiri ya uwezo wake, wakawapelekea ndugu zao wa Uyahudi.

Basi, ndugu mkulima, kuomba mvua ni wajibu wetu, lakini sala na ghala ziende pamoja. Usiuze pojo, kunde na mtama wako wote siku za mavuno, bei ikiwa chini, kisha ununue kwa bei kali watoto wanapolia. Kausha vizuri, weka mahali pasipo unyevu wala wadudu, tena bakiza mbegu. Na jirani mjane ambaye shamba lake limekanyagwa na tembo, usimpe maneno matupu ya faraja. Huenda kibaba kilicho nyumbani mwako ndicho jibu la sala yake.