VITANZA NDIMI: KWA NINI ULIMI HUTELEZA?

Hebu semeni haraka mara tatu: "Katibu Kata wa Kata ya Mkata kakataa katakata kukata miti ya kata." Mkata twaijua sote, ipo hapa Handeni kwenye njia ya Chalinze. (Serikalini siku hizi cheo hicho ni Mtendaji wa Kata, lakini jina hilo halinogi ulimini.) Wengi wakifika "kukata" hutamka "kutaka", na aliyekataa akawa ndiye anayetaka!

Sababu ni nini? K hutamkwa kwa shina la ulimi kuinuka nyuma ya kinywa, na t kwa ncha yake mbele, karibu na meno. Ulimi ni huo huo mmoja, unaitwa huku na huku bila kupumzika. Tena ubongo hupanga sauti kabla hatujazitamka. Mwaka 2013 wataalamu wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walieleza katika jarida la Nature kuwa sehemu ya ubongo inayoongoza usemaji hupanga sauti kwa viungo vyake: midomo, ulimi, koo. Kwa hiyo sauti za kiungo kimoja huchanganyika upesi. Ndiyo maana Waingereza hukwama kwa s na sh katika tanza lao la kuuza makombe ya baharini, lakini ni nadra mtu kuchanganya s na b.

Waarabu nao wana lao: "Khaytu harir 'ala hayti Khalil", yaani uzi wa hariri juu ya ukuta wa Khalil. Shida yake ni kh na h. Mswahili anayezisoma zote h atalisema bila kukwaa hata kidogo, kwa kuwa amelikosea tangu neno la kwanza!

Hapa ndipo mchezo unapoingia darasani. Katika Surat An-Nasr, neno nasr lina swad, maana yake nusura. Ukilisoma kwa sin linakuwa tai, ndege. Na Nasr wa sin ni jina la sanamu lililotajwa katika Surat Nuh. Qalb ni moyo, kalb ni mbwa. Wazazi wanaotuuliza kwa nini mtoto anakaa wiki nzima kwenye herufi mbili, sababu ndiyo hiyo.

Wanazuoni waliliona hili mapema. Al-Khalil bin Ahmad, katika karne ya 2 Hijria, alipanga kamusi yake, Kitab al-Ayn, kwa kufuata makharij, kuanzia herufi za kooni hadi za midomoni.

Sisi huanza na kioo, polepole, silabi moja moja, kisha ndipo kasi. Walioko Korogwe, hasa mnaobadilishana r na l, wajaribu hili: "Lori la reli la Korogwe lililala relini, reli ikalalamika."